Jicho jekundu la Fomalhaut ni picha ya kweli, na vumbi lake ni jipya

Swali limetoka kwa kijana wa Mafinga, kidato cha sita, anasoma PCM. Nalifupisha: “Shikamoo mwalimu, kamwene. Kwenye grupu letu la wasapu mtu kaposti picha ya nyota inaitwa Fomalhaut, ina pete nyekundu kama jicho na katikati duara jeusi. Nusu ya grupu wanasema imetengenezwa na kompyuta tu, maana nyota yenyewe haionekani, sasa inakuwaje upige picha ya vumbi halafu ushindwe kupiga nyota? Na kama hilo vumbi lipo tangu nyota inazaliwa mbona halijaisha mpaka leo? Halafu mtu wa huku kwetu anaweza kuifanya hii kazi au mpaka uende Ulaya?”

Marahaba mdogo wangu, kamwene. Umeuliza mambo ambayo ndio kazi yangu hapa Mbeya, mchana nafundisha fizikia na jioni nachakata picha za hizi diski za vumbi, yaani vumbi linalozunguka nyota kama sahani au pete, kutoka kwenye hifadhi za data, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, vumilia tu.

Picha ni ya kweli. Ilipigwa na Hubble, darubini iliyo angani nje ya hewa ya Dunia, mwaka 2004 na timu ya Paul Kalas ikaitoa 2005. Lile duara jeusi ndipo nyota ilipo na wameifunika makusudi kabisa. Hakuna aliyeshindwa kuipiga Fomalhaut, hata wewe unaweza kuiona kwa macho yako hapo Mafinga: mwanzoni mwa Novemba saa tatu usiku toka nje, angalia juu kabisa halafu shusha macho kidogo upande wa kusini, kuna nyota nyeupe iko peke yake, jirani zake wote hafifu. Ndio hiyo. Iko umbali wa miaka ya nuru 25 na inatoa mwanga kama mara 16 ya Jua letu, na huo mwanga ndio unaoleta shida yote.

Watu wengi wanadhani ugumu uko kwenye udogo, eti pete iko mbali sana kwa hiyo haionekani. Hapana. Chukua hesabu yenyewe: kutoka kwenye nyota hadi kwenye pete ni karibu mara 140 ya umbali wa Dunia na Jua, ukiipeleka hiyo pete umbali wa miaka ya nuru 25 inakuja kuonekana angani ikiwa na upana wa sekunde za tao kama 36 (digrii moja ina sekunde 3,600), na huo ni karibu sawa na upana ambao sayari ya Mshtarii inaonekana nao kutoka hapa Duniani. Yaani darubini ndogo inayokuonyesha Mshtarii kama kisahani, kwa ukubwa peke yake ingetosha kukuonyesha pete ya Fomalhaut. Kinachokwamisha ni mwanga. Vumbi lote la pale linadaka chini ya sehemu 1 katika kila 10,000 za mwanga wa nyota, na hicho kidogo kimetandazwa kwenye pete nzima, wakati nyota iko nukta moja inamwaga mwanga hadi unasambaa ndani ya darubini na kufunika kila kitu cha karibu.

Wewe wa Mafinga hili unalijua. Simama usiku kando ya barabara ya vumbi, roli la mbao linakuja limewasha fulu. Vumbi limejaa hewani lakini hulioni, macho yamezibwa na zile taa. Sasa inua kiganja uzibe taa tu, usizibe barabara, papo hapo vumbi linajitokeza pande zote za kiganja. Na ukitulia utaona kitu cha pili, kwamba roli likiwa linakuja vumbi linang'aa sana, likishakupita hata umulike tochi kuelekea lilikokwenda vumbi lile lile linaonekana hafifu, kwa sababu chembe ndogo zikipigwa na mwanga hurusha sehemu kubwa kwenda mbele, kule kule mwanga ulikokuwa unaelekea. Ndio maana kwenye pete nyingi za nyota utakuta upande mmoja unang'aa kuliko mwingine, na mara nyingi ule unaong'aa ndio uko upande wetu.

Kifaa cha kuziba nyota kinaitwa koronagrafu. Alikibuni Mfaransa Bernard Lyot mwanzoni mwa miaka ya 1930 ili aone korona ya Jua (ile gesi hafifu inayolizunguka) bila kusubiri kupatwa. Akili yake kubwa ilikuwa kutambua kwamba kuziba peke yake hakutoshi, maana mwanga ukipita kwenye ukingo wa lenzi au kioo unajipinda na kuingia pale usipotakiwa, kwa hiyo akaweka kizuizi cha pili mbele zaidi, chenye tundu dogo kidogo, kinachokata ule mwanga wa ukingoni. Koronagrafu za leo zina mbinu nyingi lakini wazo ni lile lile la Lyot.

Jinsi hii kazi ilivyoanza nakusimulia kwa sababu mwanzo wake ulikuwa wa bahati. Mwaka 1983 satelaiti ya IRAS ilirushwa kupima anga kwa infraredi (mwanga wa joto ambao macho hayauoni), na wataalamu walikuwa wanatumia nyota ya Vega kusawazishia vipimo vyao maana Vega ilionekana ni nyota ya kawaida isiyo na mbwembwe. Vipimo vikagoma. Vega ilikuwa inatoa infraredi nyingi mno kupita nyota ya aina yake, na baada ya kukagua wakakubali kwamba kuna kitu cha baridi kinaizunguka, kinapashwa na nyota halafu kinarudisha joto nje: vumbi. Wakakuta hivyo hivyo kwa Fomalhaut, Beta Pictoris na Epsilon Eridani. Ila hapo walikuwa na namba tu, hawana sura. Mwaka 1984 Bradford Smith na Richard Terrile wakaenda na koronagrafu kwenye darubini ya mita 2.5 pale Las Campanas, Chile, wakaiziba Beta Pictoris, na kwenye picha ukatokea mstari wa mwanga umechomoza pande mbili za kile kizibo, maana diski ile tunaiona kwa ubavu. Kwangu mimi hiyo ndio picha nzito kuliko zote zilizofuata, pamoja na kwamba ni ya kijivu na ina madoa. Kabla ya hapo diski kuzunguka nyota nyingine ilikuwa nadharia ya vitabuni tangu enzi za Kant na Laplace, wanafikra wa karne ya 18, hakuna jicho lililokuwa limeiona.

Sasa turudi kwa wenzako wa grupu, maana wana hoja kidogo na mimi sitaki kuwapuuza. Kompyuta inatumika, tena sana. Ukishaziba nyota bado kunabaki mwanga mwingi unaovuja, una miale miale na madoa madoa, na hayo madoa kwa bahati mbaya yanafanana kabisa na sayari au kipande cha diski. Kinachofanyika ni kupiga picha nyota nyingine, tunaiita nyota ya rejea, ya rangi na mwangaza wa karibu sawa ambayo haina vumbi, kwa darubini ile ile na kizibo kile kile, halafu unaitoa hiyo kwenye hii, pikseli kwa pikseli. Kama darubini haijabadilika hata kidogo kati ya picha mbili, kinachobaki ni vumbi. Ila darubini hubadilika, joto likipanda kidogo tu vioo na vishikio vyake vinasogea kwa kipimo ambacho huwezi kukifikiria, na ndio maana kwenye picha ya Fomalhaut ukiizuum karibu na duara jeusi utaona michirizi imetapakaa kama manyoya kutoka katikati. Ile michirizi sio vumbi. Ni mabaki ya nyota ambayo hesabu haikuweza kuyamaliza, na walioitoa picha hawakuyafuta, wameyaacha pale pale uyaone.

Kuna njia nyingine inapendwa sana kwenye darubini za ardhini. Unaacha kamera imetulia kwenye darubini huku anga linazunguka, kwa saa moja au mbili, kwa hiyo madoa ya darubini yanabaki palepale kwenye picha wakati vitu vya kweli vya angani vinazunguka kama mshale wa saa. Ukichukua wastani wa picha zote unapata madoa peke yake, ukiyatoa unabaki na vitu vya angani. Kwa sayari njia hii ni dhahabu. Kwa diski ina mtego ambao kila anayeanza lazima aufahamu: diski unayoiona kwa juu, ya duara, ukiizungusha inabaki vile vile, kwa hiyo hesabu inaiona kama doa la darubini na inaifuta. Diski iko pale, picha inatoka tupu. Na kwa diski za ubavu au za kulala kidogo haifutiki yote, inaliwa pembeni, inatoka nyembamba kuliko ilivyo na pengine inaonyesha mapengo ambayo hayapo. Pengo kwenye diski watu wanakimbilia kusema kuna sayari, sasa fikiria pengo lenyewe limechimbwa na programu yako.

Kwa hiyo tunachofanya ni kutengeneza diski ya bandia ambayo tunaijua upana na mwangaza wake, tunaipachika kwenye data ghafi, tunaichakata kwa hatua zile zile, halafu tunaangalia imetoka na sura gani. Hapo unajua hesabu yako inakula kiasi gani na wapi. Binafsi picha ya diski isiyoeleza imechakatwaje siitegemei kwa lolote zaidi ya kuipenda, na hilo ndio ningewaambia wenzako: badala ya kuuliza kama kompyuta imetumika, ulizeni imefanya nini.

Kuhusu rangi nitapita haraka. Nyekundu ile mmepewa na mchakataji. Data inakuja ya kijivu, namba tu za mwanga mwingi na mwanga kidogo, rangi inapakwa ili jicho lako lione tofauti. Kuna picha ya Fomalhaut ya chungwa na nyingine ya bluu, pete ni ile ile.

Ardhini kuna adui mwingine, hewa. Nyota kumetameta usiku ni hewa ya joto na baridi inavyochanganyikana, kwetu ni uzuri lakini kwa kamera ni uji. Chombo kinachoitwa SPHERE kwenye darubini kubwa ya VLT pale Paranal, Chile, kilichoanza kazi 2014, kina kioo chembamba chenye visukumio zaidi ya 1,300 nyuma yake vinavyokikunja na kukikunjua zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, kikifuata mawimbi ya hewa na kuyanyoosha. Halafu kina hila moja ninayoipenda sana, ya polaraizesheni. Mwanga unaotoka moja kwa moja kwenye nyota unatetemeka kila upande, hauna mwelekeo maalumu, lakini mwanga uliogonga vumbi ukaruka unatoka na mwelekeo. Kwa hiyo unapiga picha mbili kwa wakati mmoja kupitia vichujio viwili vilivyokingamana, unatoa moja kwenye nyingine, nyota inajifuta yenyewe na vumbi linabaki. Hapo huhitaji nyota ya rejea wala kusubiri anga lizunguke, na ile diski ya duara iliyokuwa inafutika sasa inaonekana.

Kuna njia ambayo inakwepa ugomvi na nyota karibu wote. Vumbi la pete ya Fomalhaut lina baridi kama nyuzi hasi 220 hivi, na kitu cha baridi hiyo kinang'aa kwenye infraredi ya mbali na mawimbi ya milimita, ambako nyota nayo inakuwa hafifu. Ukipiga picha kule, uwiano unageuka na vumbi linapata nafasi. Ndio kazi ya ALMA, antena 66 kwenye uwanda wa mita 5,000 kule Chile, wamepanda juu hivyo kwa sababu mvuke wa maji hewani unakula hayo mawimbi. Na hapa kuna jambo ambalo hata wanafunzi wa chuo linawapiga chenga: ALMA na Hubble wakipiga diski moja hawaoni vumbi moja. Hubble inaona chembe za maikroni (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), unga laini kabisa ambao mwanga wa nyota unausukuma huku na huko. ALMA inaona chembe za milimita, changarawe, ambazo ni nzito kwa mwanga kuzisukuma, kwa hiyo zinabaki pale pale zilipozaliwa. Kwenye Fomalhaut ALMA imeonyesha pete nyembamba sana, upana wake kama sehemu moja ya kumi ya umbali wake kutoka kwenye nyota, na imesogea pembeni, nyota haipo katikati. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ikaangalia mfumo huo huo kwa infraredi ya kati ikakuta ile pete tuliyoizoea ni ya nje tu, ndani yake kuna mikanda mingine miwili.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndio moyo wa mambo yote haya. Umeuliza mbona vumbi halijaisha. Liliisha. Lile la mwanzo liliisha zamani.

Angalia chembe moja ya maikroni moja kwenye ile pete. Mwanga wa nyota unaigonga na kuisukuma nje, na kwa nyota kali kama Fomalhaut msukumo huo unaushinda mvutano, kwa hiyo chembe inafagiliwa kwenda zake ndani ya miaka elfu kadhaa. Iliyo kubwa kidogo haifukuzwi lakini inapoteza kasi pole pole na kuzama kuelekea kwenye nyota, au kabla haijafika inagongana na mwenzake na kusagika kuwa ndogo, halafu inafukuzwa nayo. Fomalhaut ina umri wa miaka milioni 400 na zaidi. Hakuna vumbi laini la kukaa muda wote huo. Kwa hiyo tunaloliona limetengenezwa juzi kwa kipimo cha nyota, na kiwanda chake ni mawe: asteroidi na kometi zinazogongana, kipande kikubwa kinapasuka kuwa vya kati, vya kati vinapasuka kuwa vidogo, mpaka unga. Gesi nyingi ya mwanzo imeshaondoka ndani ya miaka milioni 10 ya kwanza hivi, yamebaki mawe na sayari kama zipo. Ndio maana tunatenganisha hizi diski za mabaki na zile za nyota changa kabisa kama HL Tauri, ile picha maarufu ya ALMA ya 2014 yenye miduara miduara, pale gesi bado imejaa na sayari ndio kwanza zinaumbwa. Kwenye magrupu zinachanganywa sana hizo picha mbili.

Na kwa nini tuone vumbi tusione mawe yaliyolizaa? Hesabu ya kidato cha pili. Chukua jiwe la upana wa kilomita 1 ulisage lote liwe chembe za maikroni 1. Uzito haujabadilika hata gramu, lakini eneo la kudaka mwanga limeongezeka mara bilioni 1. Jiwe lenyewe hakuna darubini ya kuliona kwa umbali huo, likisagika linawaka.

Ushahidi kwamba kusagana kunaendelea hadi sasa upo, na unasisimua. Beta Pictoris iko umbali wa miaka ya nuru 63 na ina umri wa miaka milioni 20 hivi, kichanga. Mwaka 2014 ALMA ilikuta pale gesi ya monoksidi ya kaboni imejikusanya upande mmoja wa diski, gesi ambayo mwanga wa nyota unaivunja ndani ya miaka 100 hivi, kwa hiyo lazima kuna kitu kinaileta upya, na walipokokotoa wakapata kwamba kuitosheleza inabidi kometi kubwa moja ivunjike yote kila baada ya dakika 5. Halafu kuna hili. Darubini ya Spitzer ilipima vumbi la Beta Pictoris 2004 na 2005, likaonekana vumbi laini la moto karibu na nyota. James Webb ikapima tena 2023, vumbi lile halipo. Timu ya Christine Chen ikasema maelezo yanayoingia akilini ni kwamba muda mfupi kabla ya vipimo vya Spitzer mawe makubwa yaligongana, unga ukatapakaa, na ndani ya miaka 20 mwanga wa nyota umeshaufagia. Mimi nilipolisoma hilo nilikaa kimya kidogo, maana tumezoea kusema mambo ya nyota yanachukua mamilioni ya miaka, na hili limepita ndani ya umri wako wewe uliyeuliza swali.

Fomalhaut nayo ina kisa chake. Mwaka 2008 timu ya Kalas ilitangaza nukta karibu na pete, inasogea, wakaiita Fomalhaut b, sayari. Ila kulikuwa na kasoro, ilionekana kwa mwanga wa kawaida wakati kwenye infraredi, ambako sayari changa inatakiwa kuwaka, haikuonekana. Miaka ikapita, nukta ikazidi kufifia na kutanuka, na 2020 András Gáspár na George Rieke wakaonyesha kwamba inafanana na wingu la vumbi linalotawanyika baada ya magongano. Picha za Hubble za 2023 zikaja na nukta nyingine mpya kwenye mfumo huo huo, sehemu ambayo kabla ilikuwa tupu. Kwa hiyo wale waliodhani wanaona sayari walikuwa wanaona ajali, na kwa maoni yangu ajali ina thamani zaidi, sayari zilizopigwa picha tunazo kadhaa lakini mawe makubwa yakigongana na vumbi lake kuonekana likitawanyika ni nadra mno.

Sayari tunazipata pia, vumbi linatuelekeza. Diski ya Beta Pictoris kwa ndani imepinda kidogo, Hubble iliuona huo mpindo miaka ya 1990, na wataalamu wakaandika mapema kwamba huenda kuna sayari nzito ina njia iliyoinama inaivuta. Anne-Marie Lagrange na wenzake wakaja kuipiga picha hiyo sayari kwa VLT, Beta Pictoris b. Lagrange huyo huyo, mwaka 2025, kwa James Webb na koronagrafu iliyotengenezwa Ufaransa, akatoa picha ya kitu chenye uzito wa karibu na wa Zohali kwenye nyota TWA 7, kipo ndani ya pengo la diski pale pale ambapo hesabu za mvutano zilikuwa zinadai sayari iwepo. Ndio sayari nyepesi kuliko zote ambazo Webb ilikuwa imezipiga picha mpaka hapo. Ukiitazama ni kitone tu, lakini pete ilishasema.

Swali la tatu, kama mtu wa huku anaweza. Anaweza, tena bila kuondoka. Kwanza diski ya vumbi tunayo wenyewe na unaweza kuiona bila kifaa. Kati ya sayari zetu za ndani kuna vumbi la kometi na asteroidi, linadaka kama sehemu 1 katika kila milioni 10 za mwanga wa Jua, na pasipo na taa linaonekana kama mnara hafifu wa mwanga unaosimama magharibi baada ya giza kuingia kabisa, au mashariki kabla hakujaanza kupambazuka. Sisi tuko karibu na ikweta kwa hiyo mnara unasimama karibu wima, watu wa Ulaya kwao umelala umezama kwenye ukungu wa upeo. Nenda Kitulo mwezi wa saba, usiku usio na mbalamwezi, vaa koti zito kweli kweli. Usisubiri Septemba na Oktoba maana kipindi hicho watu wanachoma mashamba na moshi unaziba upeo wote.

Kazi yenyewe inafanyika kwenye laptop. Data za Hubble na Webb ziko kwenye hifadhi inayoitwa MAST, za SPHERE ziko kwenye hifadhi ya ESO, na ALMA nao wana ya kwao. Wanaozipiga kwa kawaida wanapewa muda wa kuzitumia peke yao, mara nyingi mwaka mmoja, baada ya hapo ni za kila mtu mwenye intaneti, bure. Programu nazo bure, kwa picha za koronagrafu tafuta pyKLIP au VIP, zote za Python, kwa ALMA ni CASA. Laptop ya RAM ya GB 8 inatosha kuanzia picha za Hubble na SPHERE, ila data za ALMA ni nzito, bando litakuumiza, kwa hizo tafuta chuo chenye intaneti ya maana na upakue usiku.

Ukimaliza mitihani anza na nyota ya HR 4796A, umbali wake miaka ya nuru 235 hivi, pete yake ni nyembamba na inang'aa sana kiasi kwamba hata uchakataji wa mtu anayejifunza unaitoa. Ifanye mara mbili, kwanza kwa ile njia ya anga kuzunguka, halafu kwa nyota ya rejea, uweke matokeo mawili pembeni kwa pembeni uone ile ya kwanza imekula wapi. Kabla ya hapo jifunze kufungua faili za FITS, aina ya faili ambamo picha za angani huhifadhiwa, na uzielewe zile namba za kwenye kichwa cha faili, hasa pembe ya mzunguko, maana ukigeuza alama ya kujumlisha kuwa ya kutoa picha zako zote zinazungushwa kinyume na pete haitokei ng'o. Ukikwama niandikie, na unitumie faili lenyewe pamoja na kodi uliyoandika, skrinishoti haitanisaidia.